Midomo Kwenye Kioo cha Baa

Masanduku yalikuwa yameshapakiwa na injini ilikuwa inanguruma Inspekta Clement Sagar alipofika langoni mwa studio, kola ya koti imesimama, mvua ya Manchester inamtiririkia shingoni. Dereva alikuwa anafuta kioo cha mbele kwa kitambaa. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa ameshakaa Rosalind Vayle, glavu mikononi, kofia ya manyoya kichwani, tayari kwa treni ya mchana ya kwenda London.

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alikuwa mwenye baa ya Falcon katika tamthilia ya Mtaa wa Alma. Mara mbili kwa wiki nusu ya Uingereza ilikula chakula cha jioni ikimtazama akifuta glasi na kuwagombeza walevi. Ijumaa iliyopita alirekodi onyesho lake la mwisho. Ijumaa hiyohiyo, wakati wa sherehe ya kumuaga, mvalishaji wake, Edna Stansfield, alikutwa nyuma ya seti amelala kifudifudi, shingo imevunjika.

Sagar akagonga dirisha. Kioo kikashuka kidogo.

“Samahani, Bibi Vayle. Swali moja tu.”

“Juzi ulisema hivyohivyo, Inspekta, ukaondoka na majibu ya maswali kumi.” Sauti yake ilikuwa laini, ya watu waliokulia kwenye nyumba zenye bustani.

“Edna alivaa nini kazini?”

“Aproni ya bluu. Ina mifuko ya pini. Sijawahi kumwona bila hiyo aproni.”

“Sisi tumemkuta na koti la sufu, kofia na bruchi kifuani. Koti la kwendea kanisani. Aproni tumeikuta chumba cha mavazi, imekunjwa juu ya kiti.”

Rosalind Vayle akavuta glavu ya kushoto, kidole kimoja baada ya kingine.

“Kulikuwa na keki,” akasema. “Watu wa namna yake hupenda kujipamba kukiwa na keki.”

“Watu wa namna gani?”

“Watu wema, Inspekta. Watu wa kawaida.”

Nje ya lango wanawake kama ishirini walikuwa wamesimama chini ya miavuli wakiita jina la mwenye baa, “Lottie! Lottie!” maana jina lake halisi hawakulijali. Bibi Vayle akashusha kioo cha upande wa pili, akatoa kichwa, na palepale sauti ikageuka. Ikawa sauti ya viwandani, pana, yenye kucheka. “Haya nyie kuku, rudini nyumbani, mtaloa hadi kwenye mifupa, na waume zenu watasema ni mimi niliyewaweka baa!” Wakaangua kicheko. Mmoja akalia. Kioo kikapanda, na ile sauti laini ikarudi: “Tunaweza kwenda, dereva.”

Gari likaondoka.

Sajini Penhale, mtu wa Cornwall aliyehamia kaskazini majuzi tu, alilitazama mpaka lilipokata kona. “Tumemwacha aende, afande?”

“Nimkamate kwa kosa gani? La kuvaa manyoya?”

“Mimi nasema tu.”

“Wewe Ijumaa, maiti bado ya moto, ulimwomba saini.”

Penhale akatazama viatu vyake. “Ilikuwa ya mama yangu.”

“Najua. Twende kwa Grimshaw.”

Kesi ilikuwa imesimama hivi. Ile baa ya Falcon, kama seti zote, ilikuwa mbao na rangi. Ilikuwa na ngazi nzuri ya kupandia, yenye zulia jekundu, ambayo Lottie aliipanda kila usiku kwenda kulala. Juu kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango hakukuwa na kitanda wala chumba. Kulikuwa na ubao mmoja wa kusimamia, na ngazi ndogo ya kuhamishika ya kuteremkia upande wa gizani. Ijumaa, kabla ya onyesho la mwisho, ile ngazi ndogo iliondolewa ili kamera ipite. Edna Stansfield alipanda zulia jekundu, akafungua mlango, akakanyaga ubao, na hatua iliyofuata ikamtupa kwenye sakafu ya saruji.

Aliyeondoa ngazi ni fundi wa seti, Wally Grimshaw. Asubuhi hiyo watu wengi walimsikia akimwambia Edna kwamba atamvunja shingo. Na Rosalind Vayle alikuwa ametia saini maelezo kwamba alimwona Grimshaw, kwa macho yake mawili, akimwashiria Edna kwa mkono apande. Kwa saini hiyo Grimshaw alikuwa ndani tangu Ijumaa, na kesho asubuhi alikuwa anapelekwa mbele ya hakimu kwa shtaka la kuua.

Walimkuta amekaa kwenye kitanda cha mahabusu, mikono mikubwa kama koleo imelala magotini. Pai ya nyama aliyoletewa na mkewe ilikuwa imepoa bila kuguswa.

“Wally,” Sagar akasema, “kwenye ule mlango wa juu panatakiwa kamba ya kuzuia watu kila ngazi ikitoka. Ulisema ulifunga.”

“Nilifunga.”

“Kamba tumeikuta kwenye msumari wake, imekunjwa vizuri kama ilivyotoka stoo. Kamba iliyofunguliwa na mtu anayeanguka haijikunji.”

Grimshaw akaisogeza pai pembeni.

“Sikufunga,” akasema mwishowe. “Niliitwa kubeba meza ya keki. Nikasema moyoni, nikirudi nitafunga. Si tangazo limetolewa kwamba ngazi imetoka? Si kila mtu kasikia? Nani atapanda?”

“Edna hakusikia tangazo?”

“Alikuwa chumba cha mavazi.”

“Kwa nini ulidanganya?”

“Aibu, afande.” Alisema akiitazama pai. “Kazi hii nimeifanya tangu studio ikiwa ghala la viazi. Kitu kimoja tu wananidai, kamba. Mke wangu akija hapa simtazami usoni.”

“Na shingo? Uliyosema utaivunja?”

“Alitundika gauni kwenye rangi mbichi. Mimi nawaambia watu wote nitawavunja shingo. Muulize mkurugenzi. Muulize kasisi wangu, nimemwambia mara mbili.”

“Ulimwashiria apande?”

“Kwa mkono upi? Nilikuwa na meza.”

Sagar akaandika. Kisha akauliza, kama mtu anayemalizia tu, iwapo Edna na Bibi Vayle walikuwa wanaelewana.

“Kama nguo na pini. Walikuwa na mchezo wao wa kutafuna hewa.”

“Kutafuna hewa?”

“Taa nyekundu ikiwaka, tunarekodi, hakuna anayepumua. Wao wanatafuna. Huyu nyuma ya kaunta, yule kule kwenye giza nyuma ya kamera. Midomo inakwenda, sauti hakuna. Sisi tulidhani anamkumbusha maneno ya mchezo.”

“Wanatafuna vipi? Nionyeshe.”

Wally Grimshaw, aibu na yote, akafumbua kinywa, akakivuta huku na huku kama farasi aliyepewa sukari, macho yamepanuka, nyusi juu. Penhale akataka kucheka. Alipomgeukia bosi wake akaona masikio ya Sagar yamekuwa mekundu.

Nje, kwenye korido, Sagar alisimama kwanza.

“Mama yangu alikuwa mfumaji kiwandani, mji wa Colne,” akasema. “Bandani kuna mitambo ya kufumia mia kadhaa inapiga kwa pamoja. Hata mtu akikupigia kelele sikioni husikii kitu. Basi wanawake wanasema kwa midomo mitupu. Wanaanza wakiwa wasichana wa miaka kumi na nne, hawaachi tena maisha yao yote. Wanasemana kanisani, wanasemana kwenye basi, huyu mbele na yule nyuma.”

“Na wewe unaijua?”

“Ni lugha ya nyumbani.” Hakuwa amewahi kumwambia mtu yeyote kazini, na sasa alikuwa akivifunga vifungo vya koti bila kumtazama sajini. “Swali ni Bibi Vayle aliijulia wapi. Umesoma magazeti juu yake?”

Penhale alikuwa ameyasoma. Kila mtu alikuwa ameyasoma. Rosalind Vayle, binti pekee wa daktari wa Cheltenham, aliyesomeshwa na masista, akaigiza kwenye majumba madogo ya pwani kila wiki mchezo mpya, akaingia televisheni enzi zile michezo inakwenda hewani moja kwa moja na mtu akisahau maneno taifa zima linamwona akitoa macho. Alishawahi kuwa muuguzi, malkia, mke wa mchungaji, na mwanamke wa tangazo la mchuzi wa unga. Kisha akapewa baa ya Falcon, na wakosoaji wakavua kofia: bibi wa tabaka lile, kuigiza mwanamke wa viwandani hadi kwenye kikohozi.

“Ana kipaji,” Penhale akasema.

“Lafudhi anaweza kuiga. Lakini ule usemi huigi kwa kusikiliza, maana hakuna cha kusikiliza.”

Chumba cha mikanda kilikuwa chini kabisa ya studio, na mtunzaji wake alikuwa Noreen Kershaw, mama mnene mwenye sweta la kijani na bati la biskuti.

“Mmewahi,” akasema. “Kesho mkanda huu wa Ijumaa ulikuwa unakwenda kufutwa. Hapa tunafuta kila kitu, mwanangu, mkanda ni ghali. Mimi kwa mkono huu nimewafuta watu ambao leo wana sanamu.”

“Tuliambiwa kurekodi kulikuwa kumekwisha Edna alipoanguka.”

Noreen akahamisha bati la biskuti kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine. “Kurekodi kulikwisha. Mashine haikuzimwa. Mwenye zamu alikimbilia keki akaiacha inazunguka.”

“Nani alikuwa mwenye zamu?”

“Mimi,” Noreen akasema. “Hamkuuliza. Na mimi sikuwa na hamu ya kuulizwa. Mtu anafukuzwa kwa mkanda uliopotea bure. Sauti hamtapata, vipaza vilikuwa vimeshafungwa.”

“Anzia kabla havijafungwa.”

Picha ikaja. Baa ya Falcon, kaunta, kioo kikubwa nyuma ya chupa. Sauti ya msimamizi wa sakafu ikasikika ikitangaza kwamba ngazi ya nyuma imetoka na mtu yeyote asipande. Lottie, aproni kiunoni, glasi mkononi, akainua kidole gumba. “Nimesikia, mpenzi.” Kisha onyesho lake la mwisho, machozi, taa. Kisha makofi, na sauti ikakatika.

Hapo watu walianza kuingia kwenye picha, wapiga picha wa magazeti mbele, mtayarishaji na shada la maua. Rosalind Vayle alisimama peke yake kwenye kona ya kaunta. Kwenye kioo nyuma ya chupa, kati ya jini na wiski, palitokea kofia. Chini ya kofia palikuwa na uso wa Edna Stansfield, aliyesimama upande wa pili wa seti, na ulikuwa unang'aa kwa furaha.

Midomo ikaanza.

“Wanatafuna nini hao?” Noreen akauliza.

“Nyamaza kidogo, mama,” Sagar akasema. Akavuta kiti hadi pua yake ikakaribia kioo cha televisheni. “Penhale, andika. Edna anasema: Nimeshavaa. Nisimame upande gani?”

Penhale akaandika.

“Mwenzake anasema: Si leo. Edna: Uliniahidi, Rose. Siku ya mwisho, ulisema. Ulisema utawaambia, huyu ni dada yangu Edna.” Sagar alisoma kwa sauti moja, bila kupanda wala kushuka. “Rudisha kidogo, mama. Hapo. Mwenzake: Waandishi wamejaa, Edna. Panda juu, tokea nyuma. Wasikuone na hiyo kofia.”

Kwenye kioo cha baa ile kofia haikusogea.

“Edna: Mama angeona haya. Mwenzake: Panda.”

Mwanamke mwenye koti la kanisani akapita pembeni ya picha, akashika ukingo wa ngazi, akapanda lile zulia jekundu akiwa ameinua pindo la koti asilikanyage. Upande wa pili ikaingia meza ya keki, na aliyeshika pembe yake, ulimi nje kwa bidii, alikuwa Wally Grimshaw. Taa za wapiga picha zikamulika. Mtayarishaji akasema kitu, watu wakacheka wote.

Rosalind Vayle peke yake hakucheka. Kichwa chake kiligeuka ghafla kuelekea ngazi. Kikabaki hapo kitambo. Kisha kikarudi mbele, tabasamu likapanda, akachukua kisu.

Noreen alizima mashine bila kuambiwa.

“Alisikia,” Penhale akasema. “Na tangazo alilisikia. Ni mauaji, afande.”

“Au alisahau. Midomo haikusema hilo.”

“Lakini alidanganya juu ya Grimshaw.”

“Hilo ndilo tulilo nalo. Na tunalo wapi? Kwenye macho yangu tu, masikio hayakusikia kitu. Mawakili wake watamleta profesa wa kusema alikuwa anatafuna peremende. Picha inaonyesha Wally ana meza. Watasema alimwashiria kabla. Kesho hakimu ana saini ya mwanamke ambaye hata mke wa hakimu humwita Lottie.” Sagar akachukua kofia. “Lazima aseme mwenyewe, kwa sauti, na leo.”

Kituo cha treni cha Piccadilly kilikuwa kimejaa mvuke wa chai na harufu ya makoti mabichi. Treni ya London ilikuwa imeshafungwa milango karibu yote. Mlinzi alikuwa anatembea pembeni mwa mabehewa akiisukuma iliyobaki, kipyenga mdomoni. Walimwona kwenye behewa la daraja la kwanza. Bwana mmoja alikuwa amemwinamia na gazeti, anataka saini, na watu wa viti vya jirani walikuwa wamegeuza shingo.

“Nisimamishe treni?” Penhale akauliza.

“Mtoe kwa nguvu mbele ya watu wale na hutapata hata jina lake. Ngoja.”

Sagar akaenda hadi dirishani. Lilikuwa limefungwa. Akagonga kwa ukucha. Rosalind Vayle akageuka na lile tabasamu la saini, akamwona, tabasamu likapoa.

Inspekta akavua kofia. Akafungua mdomo, akauvuta wazi kama mama yake alivyouvuta ng'ambo ya barabara miaka yote ile, mbele ya watu, Jumapili, mpaka yeye akajifanya hamjui. Bila sauti hata chembe akasema: Edna ni nani wako?

Bwana wa gazeti alidhani polisi huyu mzee ana kichaa. Lakini midomo ya mwanamke ilikuwa imeshajibu kabla mwenyewe hajaamua: Nani kakufunza?

Mama. Alishika mitambo minne. Colne.

Mwanamke akamtazama. Rangi ya uso ilikuwa imemwondoka.

Hospitali wanasema hana mtu, Sagar akaendelea. Wanataka kumpa manispaa wamzike. Nani atamzika?

Usiseme hivyo.

Nani?

Ni dada yangu, mdomo ukasema. Niliisahau ngazi. Naapa niliisahau.

Na Grimshaw?

Akainua mkono wenye glavu akaziba mdomo wake wote, kama wafumaji wafanyavyo wakitaka neno lisisomwe.

“Anasema nini, afande?” Penhale alikuwa na kalamu tayari.

“Amesema kila kitu. Umesikia?”

“Sijasikia kitu.”

“Basi usiandike.”

Kipyenga kikalia. Sagar hakuondoka dirishani. Akasema neno moja la mwisho kwa midomo, jina tu, lile la kiwandani: Rose. Kisha akavaa kofia na kurudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyekuja kuaga.

Dirisha la mlango wa behewa likashuka kwa kishindo, mkono wa glavu ukatoka ukashika kitasa cha nje. Mlinzi akafoka kwamba bibi arudi ndani. Bibi hakurudi. Alishuka bila mkoba, kofia ya manyoya imekwenda upande, na treni ikaondoka na masanduku yake yote.

Waliazimwa ofisi ya vifurushi. Penhale alileta chai tatu. Rosalind Vayle alikaa kwenye kiti cha mbao kati ya kreti la samaki na baiskeli yenye lebo, akaanza kwa ile sauti ya bustani: kwamba kulitokea kutoelewana, kwamba alikuwa amechoka siku ile, kwamba huenda kumbukumbu yake—

“Hiyo si sauti yako,” Sagar akasema. “Sema kwa yako.”

Akanywa chai. Alipoanza tena ilikuwa sauti ya Lottie, ila hakuna kicheko ndani yake.

“Tulikuwa wawili. Baba alikufa, mama alikuwa na ugonjwa wa mapafu. Edna alibaki mtamboni ili mimi niende kwa bibi mmoja wa mji wa St Annes kufundishwa kuongea. Ndiyo, kufundishwa. Nilikuwa naweka kipande cha kizibo kati ya meno nasoma mashairi. Wakala wangu wa kwanza ndiye aliyembuni yule baba daktari wa Cheltenham. Niliamka asubuhi nikamkuta gazetini. Nikasema wiki ijayo nitakanusha.”

“Hukukanusha.”

“Ungekanusha wewe?”

Sagar akakoroga chai yake.

“Kiwanda kilipofungwa nikamleta Edna awe mvalishaji. Tukakubaliana mbele za watu mimi ni Bibi Vayle. Yeye mwenyewe alicheka. Kisha nikapewa Lottie. Miaka yote nimelipwa kwa sauti ya mama yangu, na watu wananiuliza nimeipata wapi. Nikamwambia mwandishi nimejifunza kwa kumsikiliza mvalishaji wangu. Edna alilikata lile gazeti akalibandika ukutani. Akasema si uongo, Rose, si kweli ulinisikiliza mimi?”

Penhale alikuwa anaandika bila kuinua kichwa.

“Ulimwahidi nini?” Sagar akauliza.

“Kwamba siku ya mwisho nitasema. Nilipomwona na ile kofia…” Akashika kikombe kwa mikono miwili. “Ilikuwa kofia ya mazishi ya mama. Ina cheri za plastiki. Nikawaona wale na kamera zao. Sikuifikiria ngazi. Miaka kumi na tisa nimepanda pale na kuteremka nyuma, miguu yangu inajua kuna ngazi.”

“Ulisikia alipoanguka.”

“Nilisikia.”

“Ukafanya nini?”

“Nilikata keki.”

Nje mtu alipita akisukuma toroli lenye gurudumu bovu. Walingoja lipite.

“Na Grimshaw?”

“Uliniuliza nani alimwita apande. Ilibidi awe mtu. Yeye alikuwa amefoka asubuhi. Nilidhani hakuna atakayeshangaa.”

“Hakuna aliyeshangaa,” Sagar akasema. “Hata mimi. Sasa sema kwa sauti, sajini aandike: nani alimwita Edna?”

“Mimi. Grimshaw hakumwita. Hata hakuwa anatazama.”

“Jina lako kamili.”

“Rose Stansfield.”

Penhale alimpa karatasi. Kwa desturi ya mkono alianza kuandika R kubwa yenye mkia, ile ya kwenye picha za mashabiki. Akaikata, akaandika upya kwa herufi za shule.

Wally Grimshaw alitoka mahabusu jioni hiyohiyo. Studio ilimwachisha kazi kwa ajili ya kamba, na hakupinga. Alipata kazi kwenye ghala la samani huko Salford.

Noreen Kershaw alipewa onyo, akastaafu kabla ya Krismasi. Mkanda ulitumika mahakamani, ukarudishwa studio, ukafutwa.

Penhale aliomba uhamisho, akarudi Cornwall.

Rose Stansfield alikiri kosa la kuwadanganya polisi. Jaji alimpa kifungo cha nje. Shtaka la kuua halikufunguliwa. Waendesha mashtaka walisema usahaulifu hauwezi kukanushwa wala kuthibitishwa. Magazeti yalimpata daktari halisi huko Cheltenham, mtu mwenye jina lilelile la Vayle, na yeye akalalamika. Rose hakuigiza tena.

Edna alizikwa Colne. Dada yake alitembea nyuma ya jeneza peke yake. Ng'ambo ya barabara walisimama wafumaji wazee saba au wanane, hawakuvuka, wakawa wanasemezana kwa midomo muda wote, na yeye alikuwa anaweza kusoma kila neno.

Sagar alikuwepo siku hiyo, alisimama nyuma karibu na ukuta. Alifanya kazi mwaka mmoja zaidi, akastaafu, na sasa ana banda la njiwa. Mama yake bado yu hai, ni kiziwi kabisa, na mwanawe humtembelea kila Jumapili.

Baa ya Falcon ilipewa mwigizaji mwingine, mwanamke wa Stockport. Watazamaji walilalamika juu yake kwa miezi michache, kisha wakamzoea.